Maswali ya Wasomaji: Nyumba Inauzwa, na Jirani Je?

Barua tulizopokea kutoka Nakuru, Kisumu na Vihiga zinafanana kwa jambo moja: nyumba ni nzuri, hatimiliki ipo, bei ni ya soko, lakini kuna jirani. Tumejibu tano. Majina na nambari za ploti hatukuyachapisha.

Baa nyuma ya ukuta

SWALI: Hamjambo. Nyumba yangu ya vyumba vitatu iko Kiamunyi, Nakuru, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Mwaka jana jirani wa nyuma aligeuza nyumba yake kuwa baa na mahali pa nyama choma. Muziki hupigwa Ijumaa hadi Jumapili, siku nyingine mpaka saa tisa usiku. Wanunuzi watatu wamekuja, wakaipenda nyumba, kisha wakanyamaza. Broka anasema nipunguze bei na wateja niwe nikiwaleta asubuhi, katikati ya wiki. Nimsikilize? – Mama wa Kiamunyi

JIBU: Mama, hilo la asubuhi liache. Mnunuzi wa nyumba haji mara moja. Mara ya kwanza huja na broka. Mara ya pili huja peke yake bila kukuarifu, Ijumaa usiku au Jumapili alasiri, na kabla hajafika getini kwako ameshaongea na vijana wa steji ya bodaboda na mwenye duka la kona. Akikuta baa ambayo hukumtajia, hataishia kwenye kelele. Ataanza kujiuliza hatimiliki ikoje, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, kaunti inadai kiasi gani. Hapo ndipo watu hunyamaza.

Anza kwa kujua kama baa hiyo ina haki ya kuwa hapo. Ploti ya makazi haigeuzwi kuwa ya biashara kwa uamuzi wa mwenyewe tu. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kubadilisha matumizi, na ombi hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Nenda idara ya mipango ya ardhi ya Kaunti ya Nakuru ukiwa na nambari ya ploti ya jirani, uulize kama kibali kilitolewa. Kama hakipo, andika malalamiko: idara ina mamlaka ya kumpa notisi ya kurejesha jengo kwenye matumizi yake ya awali. Kama kipo, jua kwamba mtaa wako unaelekea kuwa wa biashara, na huenda mnunuzi wako halisi si familia yenye watoto. Huenda ni mtu anayetafuta nyumba ya kupangisha vyumba au kufungua duka. Tangazo lako liandikwe kwa ajili yake.

Kuhusu kelele, kanuni zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinataja viwango wazi. Eneo la makazi, nje ya nyumba, ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni karibu na kimya cha chumba ambamo watu wananong'onezana. Spika za baa haziwezi kukaa hapo. Programu ya simu ya kupima sauti itakuonyesha hali ilivyo, ila usiitegemee kama ushahidi. Kipimo kinachokubalika ni cha afisa mwenye mashine yake. Katiba imeipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kwa hiyo barua yako iende idara ya mazingira ya kaunti, na nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Barua hiyo iwe na vitu vinne: daftari la wiki nne lenye tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipoisha na chumba ulimosikika, video fupi zilizopigwa ndani ya chumba cha kulala, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kama uliwahi kwenda kuripoti, na sahihi za majirani wengine. Hizo sahihi ndizo zenye uzito. Lalamiko la nyumba moja husomwa kama chuki ya watu wawili, la nyumba nne husomwa kama kero ya mtaa. Kabla ya barua, mwone mwenye baa pamoja na mzee wa mtaa au mwakilishi wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa. Mwombe jambo moja dogo linalowezekana: spika zigeuzwe ziangalie barabara, na ile kubwa ya besi iinuliwe kutoka sakafuni. Wengi hukubali hilo kabla ya kukubali kupunguza sauti.

Sasa ingia ndani ya nyumba yako. Simama chumba cha nyuma usiku wa Ijumaa, taa zikiwa zimezimwa, uweke kiganja kwenye kioo. Kikitetemeka, puti imekauka na kupasuka, na kioo kinacheza ndani ya fremu ya chuma. Kwangua puti ya zamani, weka mpya pande zote nne, kisha bandika utepe wa mpira pale bawa la dirisha linapokutana na fremu. Kioo cha milimita 6 badala ya kile cha 3 au 4 kitapunguza sauti za watu na vyombo vya juu vya muziki. Besi haitapungua sana, hiyo hupita hata ukutani. Angalia pia matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, kwa sababu sauti nyingi huingilia hapo huku mtu akihangaika na pazia. Usiyazibe kabisa, hasa jikoni au mahali pa jiko la makaa. Hewa hiyo ni uhai. Ua wa michongoma au miti hauzuii kelele kwa kiasi cha kuhesabika. Ukuta wa mawe huzuia, mradi uwe mrefu kiasi cha kuikata njia ya moja kwa moja kati ya spika na dirisha lako.

Bei nayo isipunguzwe kwa kukisia. Mwite mthamini aliyesajiliwa akulinganishie nyumba zilizouzwa mitaa miwili mitatu kutoka hapo. Hesabu moja unaweza kuifanya mwenyewe. Tuseme nyumba kama yako mbali na baa hupangishwa Sh25,000 kwa mwezi, na yako haipati zaidi ya Sh20,000. Pengo ni Sh60,000 kwa mwaka. Kama nyumba za sehemu hiyo huingiza asilimia 6 ya thamani yake kwa mwaka, gawanya 60,000 kwa 0.06 upate Sh1,000,000. Hicho ndicho kiasi ambacho baa inakula kwenye bei kwa hesabu ya mpangaji. Tia tarakimu za mtaa wako. Broka akikutaka ushuke zaidi ya hapo, mwulize anahesabu nini.

Na tafadhali usihame kwa hasira kabla ya kuuza. Kodi ya faida ya mauzo ya mali, inayolipwa na muuzaji, ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu hadi siku ya kuihamisha imesamehewa. Ukihama na kuipangisha miaka miwili ukisubiri baa ifungwe, msamaha huo unaupoteza. Nyumba iliyokugharimu Sh4 milioni ukiiuza Sh7 milioni, kodi ni Sh450,000. Tumeona watu wakipigania punguzo la laki moja na mnunuzi huku wakipoteza laki nne na nusu namna hiyo.

Mnunuzi akipatikana, mweleze baa mwenyewe, na mwite aje Ijumaa saa tatu usiku akiwa na wewe. Kisha wakili aandike kwenye mkataba kwamba muuzaji amemjulisha mnunuzi kuhusu biashara iliyo nyuma ya ploti na malalamiko yaliyowasilishwa, kwa tarehe. Sentensi hiyo moja itakukinga baadaye. Mnunuzi akikuuliza kama kuna ugomvi na majirani, nawe ukasema hakuna, anaweza kwenda mahakamani kutaka mkataba uvunjwe au alipwe fidia kwa kudanganywa.

Futi mbili za ukuta

SWALI: Ninauza ploti yenye nyumba Mamboleo, Kisumu. Mnunuzi ameshalipa asilimia 10. Mpimaji wake amesema ukuta wa jirani umeingia kwangu futi mbili, na mnunuzi amesimamisha malipo. Jirani hataki kusikia. Naweza kwenda mahakamani moja kwa moja? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana, na ukienda utarudishwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inazuia mahakama kusikiza mzozo wa mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajauamua mpaka wenyewe. Lakini hata kabla ya Msajili, chukua futi ya kupimia.

Pima ndani ya ploti yako, kutoka ukuta hadi ukuta. Ploti ya 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani hekta 0.0465. Ukipata mita 15.24 kamili kwa upana, basi hujapoteza ardhi. Kilichotokea ni kwamba mstari mzima wa ploti umesogea. Aliyejenga wa kwanza alianzia kona isiyo sahihi, wengine wote wakapima kutoka ukuta wake. Hapo jirani wa kushoto ameingia kwako futi mbili, nawe umeingia futi mbili kwa jirani wa kulia. Kumlazimisha mmoja abomoe ni kuanzisha ubomoaji wa mstari mzima, ukuta wako ukiwemo. Dawa yake ni majirani wote kukubaliana kwa maandishi, wakiwa na mpimaji mmoja.

Ukipata futi 48, basi umepungukiwa kweli. Kwa urefu wa futi 100 hizo ni futi mraba 200, asilimia 4 ya ploti.

Tahadhari kuhusu ramani. Hatimiliki nyingi za ploti zilizokatwa kutoka mashamba zinategemea ramani ya usajili, ile ya RIM, ambayo huonyesha mipaka ya jumla. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, milimita moja ni mita 2.5 ardhini. Mstari wenye unene wa nusu milimita peke yake ni mita 1.25, zaidi ya futi nne. Mtu anayekuonyesha futi mbili kwa kutumia RIM tu anakuonyesha kitu ambacho ramani hiyo haiwezi kukiona. Vipimo vinavyosimama ni vya fomu ya mutesheni, iliyochorwa ploti zilipogawanywa, pamoja na bikoni zenyewe: vyuma vilivyozamishwa kwenye saruji. Chimba taratibu pembeni mwa kona, mara nyingi bikoni iko futi moja chini ya udongo uliomwagwa wakati wa ujenzi. Usiing'oe wala kuisogeza, hilo ni kosa la jinai. Na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, bikoni isiyo na saruji ya kutosha huweza kuinama. Mwache mpimaji aliyesajiliwa aisome.

Baada ya hapo mwandikie Msajili wa Ardhi wa Kisumu ukiomba aamue mpaka. Ambatanisha nakala ya hatimiliki, sachi (matokeo ya upekuzi wa rejista ya ardhi) ya hivi karibuni, fomu ya mutesheni na ripoti ya mpimaji. Msajili hutoa notisi kwa majirani wote wanaohusika, huja ardhini na mpimaji wa serikali, husikiza pande zote, kisha huandika uamuzi. Asiyeridhika ndiye huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Uliza pia ukuta huo ulijengwa lini. Mtu akikalia kipande cha ardhi waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Ukuta wa miaka kumi si sawa na wa miaka kumi na tano. Ndiyo maana barua ya kumpinga isingoje mnunuzi apatikane.

Na mnunuzi wako? Mikataba mingi huweka siku 90 za kukamilisha. Usiziache zipite kimya. Wakili wako amwandikie wa mnunuzi, apendekeze mojawapo ya haya: muda uongezwe hadi uamuzi wa Msajili utoke; bei ishuke kwa asilimia 4 ya thamani ya ardhi (nyumba ikiachwa nje ya hesabu) na mnunuzi achukue mpaka ulivyo; au amana irudishwe bila lawama. Mnunuzi mwenye pesa taslimu mara nyingi huchagua la pili. Mwenye mkopo wa benki hana uhuru huo, kwa sababu mthamini wa benki ataandika kasoro hiyo kwenye ripoti.

Binamu na kosheni

SWALI: Shamba letu Vihiga ni langu kwa hatimiliki, lina nyumba ya kudumu. Nimepata mnunuzi, lakini sachi imeonyesha binamu yangu, ambaye ndiye jirani, ameweka kosheni akidai njia ya kwenda chemchemi na makaburi ya babu. Nauzaje? – Ndugu wa Vihiga

JIBU: Kosheni, yaani zuio linaloandikwa kwenye rejista ya ardhi, hairuhusu uhamisho kusajiliwa, hata mnunuzi akiwa amelipa yote, kwa hiyo usipokee pesa zaidi kwanza. Mwombe Msajili kwa maandishi aiondoe. Atamtumia binamu yako notisi. Asipojibu ndani ya muda uliotajwa, Msajili anaweza kuifuta. Akipinga, mtasikizwa wote wawili, na asiyeridhika aende mahakamani. Aliyeweka kosheni bila sababu ya maana anaweza kudaiwa fidia na aliyepata hasara, na wakili wako amkumbushe hilo kwa upole.

Lakini ndugu, isome kosheni hiyo vizuri. Anachodai si shamba. Anadai njia na makaburi. Madai ya namna hiyo humalizwa mezani haraka kuliko mahakamani. Itisheni kikao cha wazee mbele ya naibu wa chifu, mpime njia kwa upana, tuseme mita mbili, muandike inaanzia kona ipi na kupita wapi, kisha wakili aisajili kama haki ya kupita juu ya ardhi. Makaburi nayo yaandikwe: ni mangapi, yako wapi, nani anaruhusiwa kuyatunza. Mnunuzi asaini. Binamu akipata hayo, huwa hana tena sababu ya kung'ang'ania kosheni, na mnunuzi ananunua shamba ambalo halitamletea watu mlangoni wakati wa matanga.

Pitieni mpaka siku hiyo hiyo. Sehemu zenu mpaka huwa ni miti ya lusiola au mkonge, na mkonge huzaa. Machipukizi hukua upande mmoja, ya zamani hung'olewa, na baada ya miaka mpaka umetembea hatua mbili bila mtu kukusudia. Tafuteni visiki vya zamani. Mikaratusi iliyopandwa karibu na mstari iamuliwe ni ya nani kabla ya kuuza, kwa sababu magogo yake ni pesa na mnunuzi ataamini ameyanunua.

Kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, lazima upate idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lifanywe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Muda huo ukipita bila kuongezwa na mahakama, mauzo ni batili na pesa hudaiwa zirudishwe. Bodi nyingi humtaka mwenye shamba afike na mke au mume na watoto watu wazima. Binamu aliyeachwa nje ya kikao cha nyumbani ndiye atakayesimama mbele ya bodi.

Maji machafu kutoka juu

SWALI: Niko Kajulu, Kisumu, kwenye mteremko. Maji ya choo cha jirani wa juu hutokea uani kwangu. Yeye anasema ni maji ya mvua. Nyumba nimeiweka sokoni. – Mama wa Kajulu

JIBU: Mama, ngoja siku tatu bila mvua, kisha chimba shimo la futi mbili pale panapolowana. Likijaa, kuna uwezekano mkubwa hayo si ya mvua. Kwenye mteremko wenye mwamba karibu na juu, shimo la kufyonza halifyonzi. Maji hukimbia juu ya mwamba mpaka yapate pa kutokea, na huwa ni kwa wa chini. Mwite afisa wa afya ya umma wa wadi. Anaweza kumwaga rangi ya kupimia kwenye choo cha jirani na kuangalia shimo lako siku mbili tatu. Rangi ikitokea, hakuna tena ubishi, na Sheria ya Afya ya Umma inampa uwezo wa kumwandikia jirani notisi ya kuondoa kero kwa muda maalum. Jirani atahitaji kuondoa uchafu tangini, kisha kuhamisha shimo la kufyonza au kujiunga na mfereji wa maji taka kama upo karibu.

Usimwage kifusi juu ya sehemu hiyo ili ipendeze. Mnunuzi atanusa, na maji yakizuiwa hapo yataelekea kwenye msingi wako. Kasoro hii irekebishwe kabla ya kuuza. Haiuziki kwa punguzo la bei.

Jirani mwenyewe anataka kununua

SWALI: Tumegombana na jirani miaka minne hapa Section 58, Nakuru. Sasa ametuma mtu aulize bei. Nimuuzie? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Muuzie, na wala usimpunguzie. Yeye ndiye mtu pekee sokoni ambaye ugomvi wenu haumtishi, na kuunganisha ploti mbili kuna faida kwake ambayo mgeni hana. Mazungumzo yote yapite kwa mawakili, wake na wako, si kwa huyo aliyetumwa. Amana ya asilimia 10 ikae kwa wakili wako hadi mwisho. Mkataba useme kwamba kesi na malalamiko yote kati yenu yataondolewa siku ya kukamilisha, na utaje kila moja kwa nambari yake. Asipewe ruhusa ya kuvunja ukuta wa kati wala kuweka mlinzi mapema, hata akiomba kwa unyenyekevu. Funguo zibaki kwa wakili mpaka benki ithibitishe salio limeingia.